Bunduki Iliyopindwa Upindo

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Kitabu hiki cha siku nimepewa na jirani yangu Wehliye, mwenye duka la jumla pale kona. Ni cha mwaka jana, siku zake hazilingani na za Mungu, lakini karatasi haijui mwaka. Nitakata tarehe zake niandike zangu. Aliniambia, "Jirani, unaongea sana. Ongea na hiki, kitakuvumilia."

Basi kisikie. Mimi Kweyu nimelala Kampala, Mwanza na Mombasa, na Mwanza nililala mara mbili. Shule niliiacha darasa la sita, tulipokuwa tumechoshana. Siku hizi niko kwenye klabu ya kulenga shabaha, kule nje ya mji, kazi yangu ikiwa mashimoni: unakaa ndani ya handaki mbele ya kilima cha mchanga, risasi zinapita juu ya kichwa, unashusha karatasi, unatazama tundu, unaonyesha kwa mti mrefu wenye kibao cheupe mpigaji amepata wapi. Miaka kumi na miwili. Kupiga mwenyewe sijawahi, lakini nani huuliza daktari wa meno kama aliwahi kung'olewa?

Leo mjane wa mwanachama mmoja wa zamani ameleta bunduki tatu za marehemu. Zote ni ndogo, za tuu-tuu, zile ambazo risasi zake hugongwa ukingoni, hazilii kwa fujo wala hazimtupi mtu. Mama huyo anahamia kwa wanawe ng'ambo mwezi wa pili. Amesema moja apewe kijana anayejua kulenga na hana yake. Sajini Phares, msimamizi wa uwanja, akamtaja binti yangu Mideva.

Mideva ana miaka kumi na tano. Likizo ya Agosti nilimpeleka kazini kunisaidia kubandika karatasi, Sajini akampa bunduki ya klabu kwa mzaha, naye akatoboa karatasi mpaka mzaha ukaisha.

"Wewe ndiye baba," Sajini akaniambia. "Chagua. Lakini chagua vizuri, mama akishaenda hakuna kurudisha. Itakuwa ya mtoto, italala kwenye stoo ya chuma hapa klabuni, na mzazi ataandikwa kwa polisi kama mdhamini. Polisi watauliza habari za nyumba yako. Nyumba yako iko sawa?"

Nikamwambia nyumba yangu iko sawa kuliko kanisa.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Nimewaambia watu wa ploti wote kwamba nachagua bunduki. Nimewaambia kwa utaratibu, nyumba moja baada ya nyingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempeleka Mideva kuzijaribu. Ya kwanza ni nyeusi, inameza risasi kumi, ina darubini juu kama ya baharia. Mimi nilikuwa tayari nimeipenda. Sajini akatikisa kichwa: "Hii inafundisha kidole haraka. Mtoto akijua zinabaki tisa, ile ya kwanza haiheshimu." Ya pili ni nyepesi, lakini mtutu wake umechakaa ndani, risasi inatoka imelewa. Ya tatu ndiyo bunduki. Inameza risasi moja tu, unaifunga kwa mkono. Mtutu ni mnene, kifyatuo kinakwenda laini kama kukata siagi, na kitako cha mti wa kahawia kinachong'aa. Tatizo ni kubwa. Marehemu alikuwa na mikono ya kufikia dari.

Mideva alilala chini nayo. Shingo ilimtoka kama ya kobe. Akapiga mara tano. Moja tu ilipata karatasi, nayo ilikuwa karatasi ya jirani.

"Ni ndefu, Baba," akasema.

"Unakua."

Hapo sikuona kosa. Mtoto wa kwetu hununuliwa sweta ya shule inayofika magotini, na viatu vinavyojazwa magazeti mbele, kwa sababu atakua. Mimi mwenyewe viatu vya kipaimara nilivifikia nikiwa na miaka ishirini na mbili, vikiwa vimechoka. Nikamwambia Sajini tunachukua hiyo.

"Atapiga nayo lini? Akiwa bibi?"

"Atazoea."

Amenipa mpaka mwisho wa Januari nimwonyeshe mtoto akiilalia sawasawa. La sivyo zote tatu zinauzwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Redio inasema ina jina la Kihispania. Handaki limejaa maji hadi kifuani, klabu imefungwa. Tumefungiwa ndani, watu watatu na mabeseni sita ya kukinga matone. Roseline mke wangu anashona sare za shule kwenye cherehani mlangoni, palipo na mwanga. Kila mtu akitaka kupita lazima aombe ruhusa ya kitambaa.

Jumamosi, 15 Novemba

Kichwa changu kimefanya kazi. Nimekwenda kwa Wekulo, seremala wa jua kali, nikamwambia anichongee bunduki ya mti, urefu uleule, uzito uleule. Ameweka chuma ndani ya mti ili iwe nzito. Mideva atajizoeza kuilalia nyumbani, na mvua ikiisha mwili umeshazoea. Hata rubani hujifunza kwenye ndege isiyoruka.

Nikaifunga kwa gunia na kurudi nayo begani. Pale pampu ya maji kina mama wakageuka kutazama. Triza wa nyumba ya mwisho akauliza, "Baba Mideva, umebeba nini?"

Ningeweza kusema mti. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Nikasema, "Mama, ukiona Kweyu amebeba kitu, jua leo utalala usingizi."

Wakanipisha njia. Lazima nikiri kwamba sijawahi kupishwa njia maishani mwangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Mideva analalia ule mti sakafuni, kati ya beseni na kitanda, anakaza pumzi, anahesabu. Baada ya muda mkono unatetemeka. "Baba, bega linaniuma." Nikamwambia bega la baba yake liliuma miaka mitatu kwenye malori ya Kampala.

Roseline hakuinua macho kwenye cherehani. "Kwa hiyo naye aumie ili mfanane?"

Ijumaa, 28 Novemba

Vijana wawili wa huku nyuma wamekuja, wameloa, adabu nyingi. "Niaje, mzee. Tumesikia uko na kitu. Hatutaki kukisumbua. Wiki moja tu, utarudishiwa kikiwa safi."

Nikawaambia kitu changu hakiazimwi, kama mswaki. Wakacheka. Walipoondoka mmoja akasema, "Tutapitia tena, mzee, usijali." Nimejali.

Nikiwaambia ni mti, kesho Kariobangi nzima inanicheka. Nisipowaambia, watarudi. Nimemwambia Mideva asitoke. Nimemwambia Roseline ahamishe cherehani mbali na mlango. Akaniuliza atashonea wapi, gizani? Amehamisha. Sasa ndani ni giza mchana, harufu ya makaa na nguo zisizokauka, na ule mti upo katikati yetu kama mgeni aliyekataa kwenda.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Hakuna aliyetoka.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Wehliye amegonga, nikatazama kwanza kwa tundu la ufunguo. Katika ploti hii ni ukuta mmoja tu kati yake na mimi, hata akigeuka kitandani nasikia. Alileta sukari.

"Jirani, watu wanasema maneno. Mimi sikuulizi. Lakini bunduki ikitajwa karibu na nyumba yangu, unajua wanamwangalia nani."

Nikacheka. "Mzee Wehliye, hapa uko na Kweyu."

"Najua," akasema. Hakucheka.

Ijumaa, 5 Desemba

Mideva amechukua msumeno wa kuazima akakata kitako cha ule mti upana wa vidole viwili, bila kuniuliza. Nilipiga kelele. Akalala, akaweka shavu. Shingo ikarudi mahali pake. Mkono ukatulia mpaka nikasahau kelele nilikuwa nimefika wapi.

"Bado kidole kimoja," akasema. Nikakata mwenyewe.

Vipande viwili viko mezani kama mikate. Nikamwambia Roseline haya ndiyo matatizo, nani atakata bunduki ya kweli yenye mti mzuri vile, na mtoto akikua mwaka kesho itakuwa fupi.

Roseline akatoa uzi mdomoni. "Baba Mideva, nimeshona sare miaka kumi na saba. Nani amekwambia nguo kubwa huvaliwa ikiwa kubwa? Inapindwa. Kitambaa kinabaki ndani ya upindo. Mtoto akikua, unafungua upindo. Kata kitako, weka vipande, akikua virudishwe na skrubu."

Nikavichukua vile vipande nikavirudisha kwenye kitako kuona kama vinakaa.

Jumatano, 10 Desemba

Naandika mkono ukiwa mzito.

Saa nne asubuhi polisi wamekuja, gari mbili, kwa sababu ya uchaguzi wanasaka silaha. Hawakuuliza nyumba ya Kweyu. Aliyeongoza aliuliza, "Nyumba ya Msomali ni gani?"

Nilisikia kila kitu kupitia ukuta. Magunia yakipinduliwa, godoro likichanwa, Batulo mke wake akisema kwa sauti ya chini, "Pole pole, kuna mtoto." Msichana wao Nurto akilia. Wehliye akisema yeye alizaliwa Isiolo, baba yake alizaliwa Isiolo, hapa kitambulisho. "Bunduki iko wapi?" "Sina." "Ploti nzima inasema iko bunduki. Unataka kusema ni ya nani?"

Wehliye alijua aseme jina gani. Hakulisema.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, ule mti chini ya kitanda, visigino vyangu vikiugusa. Nikafikiri hivi: nikitoka nao wananichukua mimi, jina langu linaandikwa, na jina likishaandikwa nani atamwekea Mideva sahihi? Nilifikiri vizuri sana. Sijawahi kufikiri vizuri namna ile. Askari mmoja akachungulia mlangoni petu.

"Mzee, unajua habari ya bunduki hapa?"

"Sijui, afande."

Mimi, ambaye nikiulizwa saa huanza na habari za Mwanza. Kisha nikakohoa, moshi wa makaa ulikuwa umeingia kifuani.

Wakaondoka na Wehliye. Mvua haikupungua hata kidogo kwa ajili hiyo.

Mideva hakunitazama mchana kutwa. Jioni akasema, "Baba, kama ni kwa ajili yangu, mimi sitaki."

"Wewe nyamaza."

"Sitaki. Kila nikiilalia nitamsikia Nurto."

Batulo hakulia. Alikuwa akikunja nguo, nilisikia, akizikunja na kuzikunjua tena.

Alhamisi, 11 Desemba

Asubuhi nimemkuta Mideva amevaa koti, ule mti mkononi, anaelekea mlangoni. Nikamnyang'anya. Akadhani nazuia. Nikamwambia, "Kitu hiki kimechongwa kwa mdomo wangu. Lete vile vipande."

Nikatoka. Sikuufunga kwa gunia. Mtu akienda kituo cha polisi na kitu chenye umbo lile chini ya gunia anaweza asifike, kwa hiyo niliuweka kichwani kama kuni, mikono yote miwili hewani, nikapita pampu, nikapita soko lote. Triza aliutazama, akatazama mahali msumeno ulipopita, akashika kiuno. "Kumbe ni mti?"

"Ni mti, Mama."

"Na ndio tumelala tukiuogopa?"

"Ndio huo."

Kicheko kilinitangulia. Nilipofika kwa mafundi wa sufuria walikuwa wamesimama kunisubiri, wakagonga vyuma kunisindikiza. Wale vijana wawili walikuwepo. Mmoja alinipigia saluti.

Kituoni nikauweka mezani na vipande kando. "Afande, hii ndiyo bunduki ya Kariobangi. Mnayemshikilia hajui chochote. Uvumi niliutengeneza mimi."

Inspekta aliupima mkononi. Akanusa. "Inapigaje?"

"Haipigi, afande."

"Hapana, wewe ni mtaalamu. Tuonyeshe."

Akanitoa uani kwenye mvua, nikaambiwa niweke begani, nizunguke, na kila kona nipige. Kila kona nikasema paa. Walitoka ofisini wote, hata wapishi. Kwenye dirisha dogo la selo nikaona kofia nyeupe ya Wehliye. Niliendelea mpaka sauti ikakauka, kwa sababu kila aliponiona nikizunguka nilifikiri labda mzunguko huu ndio utamtoa.

Alitolewa alasiri. Ule mti ulibaki kwao, wamesema ni ushahidi, sijui wa nini. Inspekta akaniuliza kwa nini nilichonga. Nikamweleza habari ya Mideva na klabu.

"Barua ya mdhamini itapita hapa kwangu?"

"Ndiyo, afande."

"Na mdhamini ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mtu aliyetishia mtaa kwa ubao," akasema, "nimwandikie chuma? Jina lako sitaliandika. Nenda."

Nilimfuata Wehliye nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na lango akasimama bila kugeuka.

"Ulikuwa ndani waliponichukua?"

"Nilikuwa."

"Nilikusikia ukikohoa."

Akaingia kwake.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Watoto wakipita mlangoni wanasema paa.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Nilipiga foleni kwenye matope. Wehliye alikuwa nyuma ya watu wachache. Tulitazama mbele wote wawili, kana kwamba mbele kulikuwa na kitu.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Ramadhani imeingia. Miaka yote jua likizama Batulo hutuma sahani ya sambusa, nayo hairudi tupu. Leo nimesikia mafuta yakilia upande wa pili wa ukuta, nikasikia adhana ya redio yao. Roseline aliweka chai mezani. Tulikunywa. Sahani haikuja.

Jumanne, 13 Januari

Sahani haikuja. Sijaandika siku nyingine kwa sababu ni hivyohivyo.

Jumamosi, 17 Januari

Sajini Phares amekuja mwenyewe, suruali imekunjwa magotini. Habari za paa zimefika klabuni. Nilitegemea matusi.

"Mjane anataka jibu. Mdhamini ni nani?"

Nikasema jina langu limekufa.

Roseline akasimamisha cherehani. "Mtoto ana mzazi mmoja tu?"

Sajini akamtazama kama mtu aliyeona mlango palipokuwa ukuta. "Mama, utakwenda kwa inspekta?"

"Nitakwenda Jumatatu. Sare za askari wake zimefumuka kwapani, nimeona. Tutaongea."

Jumatatu, 19 Januari

Inspekta alimuuliza swali moja: "Mama, na wewe unaongea kama yeye?" Roseline akajibu, "Yeye ameshaongea ya nyumba nzima, afande." Inspekta ameandika jina la Roseline. Sharti ni kwamba mimi nisiguse ile bunduki. Nimesema nimezoea kuwa mbele ya mtutu, siyo nyuma yake.

Jumamosi, 24 Januari

Wekulo amekata kitako cha kweli, Sajini akisimama juu yake kama daktari. Vidole vitatu, kwa vipande viwili. Wekulo ametoboa matundu ya skrubu na kupiga msasa. Vipande vimefungwa kwa kitambaa cha sare kuukuu, viko chini ya cherehani. Mideva aliilalia sakafuni mwa stoo. Sajini akatazama shingo yake, akatia sahihi.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Jua lilitoka kidogo. Nurto alikuja mlangoni na sahani iliyofunikwa.

"Mama amesema sahani isirudi tupu."

"Haitarudi tupu, mwanangu."

"Na isirudi na maneno."

Nilichemsha viazi vitamu mimi mwenyewe, vile vya kwetu vilivyoletwa na binamu, nikavipanga, nikampa. Mdomo nilikuwa nimeuuma kwa ndani. Baadaye nikamsikia Wehliye akitafuna. Ukuta ule ni mwembamba sana.

Jumamosi, 7 Februari

Uwanja umefunguliwa. Handaki bado lina maji hadi magotini, lakini karatasi zinapanda. Mita mia. Mjane yupo, ameketi chini ya mwavuli, anasafiri Jumatano. Amekuja kuona bunduki ya mumewe imekwenda kwa nani. Roseline yuko kando yake, mdhamini, amevaa gauni la kanisani. Mimi niko chini ya ardhi na sioni mtu.

Risasi ya kwanza ya Mideva ilipita juu yangu kwa mlio mdogo, kama mtu anayeng'oa uzi. Nikashusha karatasi. Tundu lilikuwa nje kabisa, kushoto, pembeni pa chini.

Kutoka kule tundu la tuu-tuu halionekani. Wanaona kibao changu tu. Nikikiweka katikati, ni katikati. Mjane angepiga makofi, Roseline angeinua kichwa, na Kweyu angekuwa na la kusema pampuni mpaka mvua nyingine. Nilikaa na ule mti mrefu mkononi, maji yakiingia viatuni.

Kisha nikaonyesha kushoto, pembeni pa chini, palepale, nikashikilia ili aone vizuri.

Risasi ya pili ikachelewa. Nilijua anafanya nini: anageuza skrubu ya kulengea kwa kufuata nilichomwambia. Hana kingine cha kufuata.

Ya pili ilisogea. Nikaonyesha iliposogea. Ya tatu iliingia kwenye weusi wa katikati, na ya nne ikaingia karibu nayo kiasi kwamba kidole changu kimoja kiliziba zote mbili. Nikainua kibao nikakiweka katikati, nikakiacha pale muda mrefu kuliko sheria inavyotaka. Hapakuwa na mtu wa kumwambia mle ndani.

Jioni pale pampu Triza akaniuliza, "Haya, Baba Paa, mtoto amepigaje?"

Nikamwambia amwulize mwenyewe, yuko nyuma anakuja.